Mafiga ya Vénérande

Mara ya kwanza kumwona Vénérande alikuwa amebeba kompyuta kifuani, ameifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1995. Land Rover ya Bruda Apollinarie wa misheni iliingia uwanjani kwetu imejaa vumbi la barabara ya Katumba, nami nikaacha kujaza maji ya betri nikaenda kupokea mizigo. Nilinyoosha mikono bila kusema neno. Ndivyo nilivyo, mtu nisiyemzoea hunifunga mdomo.

"Kaka, shika huku miguuni," akaniambia. "Kichwa nakishika mwenyewe. Mashimo yametupiga sana, mtoto ameanza kulia."

Nikasikiliza. Kweli kulikuwa na kitu kinagongagonga ndani.

"Ni skrubu tu imelegea," akasema Bruda.

"Hata mtoto wa kweli akilia, baba husema ni njaa tu," akajibu yule dada, na wote wawili wakacheka. Mimi nilicheka baadaye, nikiwa peke yangu kwenye banda la jenereta.

Ofisi yetu ilikuwa ya misheni, ya mambo ya afya, hapa Mpanda mjini upande wa Nsemulwa. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa kwenye zahanati za vijijini, kuanzia Inyonga huko kwenye asali mpaka kwetu Mamba kwenye mpunga. Jina langu Ponsian. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ilikuwa jenereta, betri, majani ya uwanja, na mlingoti wa redio. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Leodgar, Mpimbwe mwenzangu wa kabila moja. Sitaki asomaye hapa amwone kuwa mtu mbaya. Mke wangu alipofariki, Bwana Leodgar alilala matangani kwangu mpaka siku tuliyoondoa turubai.

Bruda aliunganisha kompyuta ile na redio koli yetu ya mawasiliano, na kutoka siku hiyo barua zetu zikawa zinakwenda Dar es Salaam kwa mawimbi. Unaandika kwenye kompyuta, ikifika saa iliyopangwa mashine inaita yenyewe, Dar inaitika, barua zinapita huku redio ikilia kama kuku anayetaka kutaga. Dawa zikiisha Inyonga, Dar wanajua siku hiyo hiyo. Mtu wa kuitunza ndiye Vénérande. Bruda alikuwa amemfundisha kupiga chapa shuleni Katumba, akaona ana kichwa, akamwongezea na hili.

Vénérande alikuwa na miaka minne alipobebwa mgongoni kutoka Burundi mwaka 1972, akakulia Katumba kwenye makazi ya wakimbizi. Watu wa Katumba siku zile hawakuruhusiwa kukaa nje ya makazi bila kibali. Kibali chake kilisema anaishi Mpanda kwa sababu ya kazi ya kompyuta, na kila mwezi ilibidi arudi kukigongesha muhuri. Kazi ikiisha, kibali kimeisha. Sote tulilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sisi. Alipanga chumba Nsemulwa, chumba kimoja chenye jiko nje chini ya mabati mawili, na alikifagia kama kanisa.

Mimi ndiye niliyemuuliza siku moja kwa nini mashine yetu inaita alfajiri, wakati nilisikia ya Sumbawanga inaita jioni. Nilipanga swali hilo kwa siku kadhaa kabla ya kulisema. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi tukibangua karanga. Uzuri wake ni kwamba alikuwa anakungoja umalize kusema. Wengine hunikatia katikati, wanadhani nimemaliza.

"Ndani ya mashine kuna mafaili mawili ya maagizo," akasema. "La kwanza limekuja nayo kutoka Dar. Ni moja kwa vituo vyote. Linasema ita saa moja jioni, tumia wimbi fulani, rudia mara ngapi. La pili ni la hapa. Mashine ikiamka inasoma la kwanza lote, halafu inasoma la pili. Pale yanapogombana, inashika la pili."

"Kwa nini... kwa nini usirekebishe lile la kwanza tu?"

"Kaka, umewahi kuona bibi arusi wa Kirundi?" Akatupa ganda. "Akifika kwa mume hana jiko. Anapika kwenye jiko la mama mkwe. Anapika, lakini hasogezi mafiga, hata kama yanayumba, hata kama moshi unamtoa machozi. Ngoja siku akabidhiwe mafiga yake mwenyewe. Hapo ndipo anapika anavyojua. Faili la kwanza ni jiko la mama mkwe. Ukilichezea, siku Dar wakileta toleo jipya wanalifuta lote wanaweka jingine, na mambo yako yamekwenda nalo. La pili hawaligusi. Ndivyo Bruda alivyonifundisha, la kwanza hata likikosea usiliguse, andika lako."

"Na wewe ulipewa lini mafiga?" Nilikuwa namaanisha kule kwenye ndoa. Sijui nilipata wapi ujasiri.

Alibangua karanga kadhaa kabla ya kujibu. "Sikupewa. Miaka saba nilipika kwenye jiko lake. Hakuna mtoto, hakuna mafiga. Mpaka nikajiondokea." Halafu akacheka, akaonyesha kidole chumba cha kompyuta. "Haya ndiyo ya kwangu. Yamo mle."

Faili lake lilikuwa fupi. Alinionyesha kwenye kioo. Alikuwa ameandika hapo mambo ambayo Dar hawawezi kuyajua. Barua za wagonjwa zitangulie za ofisi. Wimbi la mchana libadilishwe miezi ya jua kali. Na juu ya yote, saa ya kuita. Mpanda wakati wa masika radi hupiga kuanzia alasiri, na mlingoti wetu ulikuwa mrefu kuliko kitu chochote mtaani. Redio iliyokuwepo kabla ya ile iliunguzwa na radi, na doa jeusi bado lilikuwepo ukutani. Kwa hiyo kila siku ya masika, saa kumi alasiri, mimi nilichomoa waya wa mlingoti pale nje, na nikaurudisha saa kumi na moja alfajiri. Nusu saa baadaye mashine iliita, anga likiwa limetulia. Kumbuka jambo moja ambalo alinionya mapema kabisa: redio hiyo ikiita wakati waya umechomolewa, nguvu inakosa pa kutokea, inairudia yenyewe na kuiunguza. Kwa hiyo saa yake na waya wangu vilikuwa kazi moja.

Kando ya kila agizo aliandika sababu, kwa Kiswahili, kwa alama inayoifanya mashine iruke maneno hayo.

"Kama mashine inayaruka, anasoma nani?" nikauliza.

"Atakayekuja baada yangu."

Pembeni ya saa ya kuita alikuwa ameandika: Radi haina ratiba, kwa hiyo sisi tuwe nayo. Alinisomea kwa sauti, akaniuliza kama imekaa vizuri. Nikasema imekaa.

Mwaka 1997 Bruda alirudishwa kwao kwa maradhi. Mwisho wa mwaka huo zikaja mvua za elinino, ambazo kila mtu wa umri wangu anazikumbuka. Reli ya kutoka Tabora ilikatwa na maji, treni ikawa haifiki, dizeli ikawa ya kupimiwa chupani. Katikati ya mvua hizo, ndege ndogo ilitua siku anga lilipofunguka, akashuka Bwana Gaspar, fundi wa Dar, na mkoba wa disketi.

Gaspar alikuwa mtu wa maneno mengi na si wa dharau. Alikuja na toleo jipya. Faili la kwanza akalibadilisha, kama Vénérande alivyotabiri. Halafu akaweka kidole kwenye la pili.

"Hili nalifuta, dada."

"Hilo halifutwi. Hilo ni la hapa."

"Ndiyo maana nalifuta. Vituo vyangu vyote kila kimoja kina faili lake la mkono. Kikiharibika, niko Dar, sijui niguse wapi. Nikija nakuta vituko. Kuna mmoja aliweka jina la mchumba kuwa neno la siri. Wakaachana, akaapa hatalitamka tena. Nimesafiri siku mbili kwa ajili ya mapenzi ya watu!"

Tulicheka, hata Bwana Leodgar. Vénérande hakucheka.

"Mimi sijaweka mchumba. Nimeweka radi."

"Radi tutaiweka toleo lijalo. Niandikie nakala niende nayo."

"Niachie mstari mmoja tu. Wa saa."

"Nikikuachia wewe, nimwachie wa Kigoma, nimwachie wa Sumbawanga, tumerudi pale pale. Nyie mtumie tu, kutengeneza mniachie mimi." Akaweka neno la siri lake mwenyewe, ili asiwepo wa kubadilisha kitu.

"Bosi," Vénérande akamgeukia Leodgar, "saa moja jioni waya umeshachomolewa. Redio itajiunguza."

"Vénérande, agizo la Dar ni agizo. Wewe hapa umeajiriwa, na tena wewe..." Hakumaliza. Lakini chumba kizima kilisikia sehemu iliyobaki. Vénérande akaangalia chini, akaanza kukusanya nyaya za Gaspar zilizotapakaa, akazikunja moja moja.

Gaspar aliondoka na nakala yake. Nakala nyingine Vénérande aliiweka kwenye disketi iliyoandikwa MPANDA, akaitia mkobani, pamoja na kibali.

Tukapanga namna ya kuishi na jiko la mama mkwe. Kila alasiri, kabla mimi sijachomoa waya, yeye angezima redio kwa mkono ndani, ili saa moja mashine ikiita isipate kitu. Alfajiri anakuja kuiwasha na kuita mwenyewe. Jumapili, sikukuu, mvua ya kuvunja miavuli, alikuja. Alipita kwenye matope ya Nsemulwa viatu mkononi. Niliwahi kumwambia anipe mimi ufunguo nimsaidie. Akasema chumba kile Bwana Leodgar amekataza, ufunguo ni wake na wa bosi tu, na hataki kesi.

"Mtu kama mimi kaka, kesi ndogo ni kubwa," akasema.

Kisha ikafika siku ya muhuri wa kibali. Asubuhi alisimama mlangoni kwa Bwana Leodgar, nami nilikuwa nafuta dirisha.

"Bosi, naenda Katumba. Jioni hii uzime redio kabla ya saa kumi. Tafadhali usisahau."

"Nitasahauje? Kwani mimi mtoto?"

"Swichi ni ile nyekundu."

"Nenda, nenda, lori litakuacha."

Mchana ule ule honi ililia kutoka upande wa reli. Treni imefika! Wiki nyingi hatujaisikia. Mji mzima ulitoka, wauza samaki waliacha samaki, shule iliacha kengele. Bwana Leodgar alitoka mbio kofia mkononi kwenda kupokea mapipa ya dizeli na makasha ya dawa, maana asipowahi vitu hupotea. Alifunga mlango wa kompyuta nyuma yake. Nilimwona akifunga. Niliona ametoka ndani, nikajua amezima.

Saa kumi mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya mlima kama magunia. Nikachomoa waya. Mvua ikaja, radi ikapiga kule kwenye miembe, ikapiga tena karibu. Nilijikinga chini ya baraza. Saa moja, katikati ya kelele ya mabati, nikasikia sauti ile ya kuku anayetaka kutaga. Nikajua. Nilikimbilia waya, lakini mbingu ilikuwa inawaka na mkono ulikataa. Ningeuunganisha ningeleta radi yote ndani. Nikakimbilia mlango, umefungwa. Nikapiga dirisha. Sauti ikawa nyembamba, ikakata. Halafu harufu ya plastiki inayoungua ikatoka kwenye ufa wa dirisha.

Bwana Leodgar alirudi amelowa, mwenye furaha, mapipa yote yamepatikana. Nilimwambia. Furaha ilimtoka usoni. Alifungua, akatazama redio, akatazama swichi nyekundu, hakusema kitu. Na mimi nilidhani kunyamaza kule ni kukiri.

Zahanati zilikaa bila mawasiliano mpaka ndege ilipoweza kutua tena na redio mpya, na Gaspar ndani yake. Tukaitwa kikao. Bwana Leodgar alisema mashine haikuwa na matatizo mpaka mtumishi alipoanza kuizimazima na kuiwasha kinyume cha maagizo. Akamwambia Vénérande afungue mkoba. Bosi mwenyewe akatoa disketi.

"Hii ni nini?"

"Ni faili langu."

"Mmesikia? Liliamriwa lifutwe. Yeye kalificha. Nani anajua amelirudisha mara ngapi?"

"Sina neno la siri, bosi. Ningelirudishaje?"

"Nyie watu mna njia zenu."

Nikasimama. Maneno yalitoka vipande vipande, lakini niliyasema yote. Nilisema faili lake linaita alfajiri na redio iliungua jioni, kwa hiyo si faili lake. Nilisema aliaga, alionyesha swichi, mimi nikifuta dirisha. Nilisema treni ilipolia mlango ulifungwa upesi.

Bwana Leodgar akasema kwa upole, "Ponsian, ndugu yangu, na wewe leo umekuwa fundi wa kompyuta?" Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile ambacho mtu hucheka ili kikao kiishe. Nikamtazama Gaspar. Yeye alijua. Alikuwa anageuza kifuniko cha kalamu vidoleni, akasema, "Jambo la kiufundi tutaliangalia Dar."

Hakuna aliyemfukuza kwa neno hilo. Walisema tu nafasi imesitishwa. Kibali hakikugongwa tena. Aliondoka na lori la mahindi, kitenge kile kile kimefunga sufuria na godoro. Mabati mawili ya jikoni aliniachia mimi. Akaniambia niezekee banda la jenereta, linavuja.

Mwaka uliofuata, masika yalipokaribia, ikaja bahasha ya disketi na karatasi ya maelezo. Toleo jipya, vituo vyote. Bwana Leodgar alitusomea kwa sauti, miwani puani. Kuanzia sasa, katika miezi ya masika, vituo vyote nchini vitaita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Barua za wagonjwa zitatangulia.

"Dar wana vichwa," akasema. "Sikilizeni na sababu wameandika: Radi haina ratiba, kwa hiyo sisi tuwe nayo." Akarudia, ilimpendeza. "Mtu aliyeandika hivi amesoma."

Nilitoka nje. Nikafikiri, basi wamejua, na sasa watamrudisha. Akili yangu ndiyo ilifika hapo, nakiri ni akili fupi. Jumamosi niliazima baiskeli nikaenda Katumba. Nilimkuta kwa kaka yake, nyuma ya nyumba, anapika jikoni kwa wifi yake. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, na figa moja lilikuwa limeinama mpaka sufuria imelala upande. Hakuligusa.

Nilimweleza yote. Safari ile sikukwama hata neno moja. Nilimsomea mstari wake kama Bwana Leodgar alivyousoma, na kwamba sasa upo Kigoma, upo Sumbawanga, upo kila mahali.

"Jina wameweka?"

"Hapana."

"Wameuliza niko wapi?"

Nikatikisa kichwa.

Alikoroga uji muda mrefu. Ngurumo ya kwanza ya mwaka ule ikasikika mbali, upande wa mjini. Tuligeuka wote wawili kwa pamoja, kwa mazoea. Kisha akaufunika uji, akajifuta mikono, akanisogezea baiskeli.

"Nenda, kaka Ponsian," akasema. "Wewe bado una waya wa kuchomoa."